Nia Haimo Kwenye Kanda

Marehemu baba alikuwa na deki moja ya VHS na kanda tano. Deki ilikaa juu ya kabati la vyombo, sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga, imefunikwa kitambaa alichofuma mama. Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London na mwili wake ukarejeshwa nyumbani, baba alizipanga kanda zake mkekani akazitazama mojamoja. Hakukuwa na tupu. Mwishowe akachukua ile yenye fainali ya Kombe la Dunia la 1998, Ufaransa 3, Brazil 0. Mabao mawili ya kichwa ya Zidane alikuwa akimwonyesha kila mgeni aliyekubali kuketi. Akaitumbukiza kanda, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na mazishi ya Mwalimu yakaanza kuifuta fainali.

Ilipojaa, aliitoa, akachukua bisibisi akakibanjua kile kijipande cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda. Kikishang'oka, deki hukataa kurekodi tena juu yake.

Bisibisi ile hunijia kila ninaposikia watu wakiulizana baada ya darsa: je, adhana iliyorekodiwa ni adhana? Wanazuoni wengi wa zama zetu wamejibu kwamba haitoshi. Adhana ni ibada, na ibada humtaka mtu mwenye nia. Mashine haina nia. Hali kadhalika, wengi wao hawamruhusu mtu kumfuata imamu wa kwenye televisheni akiwa sebuleni kwake. Sauti ni ileile, maneno ni yaleyale, lakini aliyepaswa kuwepo hayupo.

Naamini jibu hilo linagusa mambo mengi zaidi ya adhana. Chombo hunasa sauti na sura, nia hakinasi. Lazima aitoe mtu. Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kurekodi televisheni nyumbani, siulizi kwanza picha ipi inang'aa. Nauliza ni njia ipi inayomdai mtu nia, na ni ipi inayomsamehe deni hilo.

Kanda ilidai sana. Ile ya baba ilibeba saa tatu, basi. Ukitaka kuweka kipya, ulifuta cha zamani, na ulijua unachofuta. Ilibidi uwepo saa ya kipindi, au uitegeshe saa ya deki na kuomba umeme usikatike. Hewa yetu ya pwani iliitia ukungu, vichwa vya deki vikataka kusafishwa kwa pamba na spiriti. Kutunza ilikuwa kazi ya mikono.

Zikaja DVD. Kaka alizihamishia kanda zote kwenye diski tano zilizoenea katika bahasha moja. Picha haikuongezeka uzuri, maana diski haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea kwenye kanda, na diski za kurekodi nyumbani nazo hufifia. Hata hivyo mtu alikaa saa nyingi akisubiri, kwa kuwa kanda huhamishwa kwa mwendo uleule wa kuitazama. Kaka aliyaona mazishi yote kwa mara ya pili.

Kisha nikanunua king'amuzi chenye diski ndani yake. Nilikiagiza mara moja tu, nacho kikarekodi Tarawehe za Makka usiku baada ya usiku, Ramadhani nzima. Mimi nilikuwa nimelala. Nilijiambia nitazitazama Shawwal, kisha Dhulqaada. Siku nilipoketi kuzifungua, malipo ya mwezi yalikuwa yamekwisha na king'amuzi kikanigomea, nami sikuwa na namna ya kuzihamishia kwenye flashi. Nilikasirika, kisha nikaona haya. Sala zile zote nilikuwa nimezirekodi ili nipate ruhusa ya kutokuwepo.

Kuna aliyenizuia nisihukumu haraka. Marion Stokes, mwanamke wa Philadelphia nchini Marekani, alirekodi habari za televisheni mchana na usiku kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda takriban 70,000. Deki kadhaa zilifanya kazi kwa wakati mmoja nyumbani mwake, na familia ilikatiza matembezi ili iwahi kubadilisha kanda. Ni vigumu mtu mmoja kuzimaliza zote kwa kuzitazama maishani mwake. Kwa kipimo changu cha Tarawehe, alikuwa amepotea kuliko mimi. Lakini yeye aliona kwamba vituo vya televisheni havitunzi vyao, na kwamba watakaokuja watahitaji kujua walichoambiwa waliotangulia. Alikuwa akiwatunzia watu ambao hatawaona. Hiyo ni amana, na amana haimlazimu mwekaji aitumie yeye.

Basi kutazama si sharti. Sharti ni kuwepo mtu unayemtunzia, nawe uko tayari kupoteza kitu kwa ajili yake. Stokes alipoteza jioni zake, baba akaipoteza fainali yake. King'amuzi changu hakikunipotezea chochote, na ndiyo maana kilipojifunga sikuwa na cha kulilia.

Baba alifariki, deki ikafa baada yake. Kanda ninayo. Nikiitazama ile diski ya kaka naona jeneza, bendera, umati wa Uwanja wa Taifa. Simwoni baba, kwa sababu deki hurekodi kinachotoka kwenye antena, sebule haiioni. Siku ile alisimama tangu jeneza lilipoingia, mikono ikiwa imefumbatwa mbele, hadi mama akamwambia, "Baba Hamisi, kaa basi," naye asikae. Hayo hayamo popote.

Mgongoni mwa kanda kuna kitundu cha mraba, kingo zake zimechubuliwa na bisibisi. Fundi mmoja aliwahi kunionyesha kwamba ukikiziba kwa selotepu, kanda hurekodi tena kama mpya. Nilimshukuru. Hukipitishia kidole mara mojamoja, kisha nairudisha kanda kabatini.