Sistimu Imekataa

Kiswahili chetu cha Kenya kimezipa mashine hiari. Gari imekataa kuwaka. Simu imekataa kuchaji. Na ukipanga foleni kwenye kaunta, iwe Kitengela au mjini Kajiado, siku moja utaambiwa tu: sistimu imekataa.

Kukataa ni tendo la mwenye nia. Anayekataa angeweza pia kukubali. Rauta haina nia, na waya haumchukii mtu. Kazi yangu ni kuitwa mashine zikikataa, na neno hilo limeanza kunisumbua. Tukisema mashine imekataa, nani hasa ameepuka kujibu?

Chukua kisa hiki. Jumatatu moja niliitwa ofisi fulani Kitengela. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa haiingii kwenye mtandao, ilhali zingine zote zilikuwa sawa. Kabla sijaketi, mwenye ofisi alikuwa na jibu tayari. "Fundi, ni huyu mama wa usafi. Akipiga deki huwa anavuta waya. Pesa yako nitaikata kwa mshahara wake." Mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Hakusema kitu.

Kutafuta hitilafu ya mtandao kuna mpangilio wake: unaanzia karibu, unaelekea mbali. Waya umeshika? Taa ya pale unapoingia inawaka? Kompyuta inajijibu yenyewe ukiiita kwa 127.0.0.1? Inafikia rauta? Rauta nayo inafikia nje? Kila swali linapunguza washukiwa, na huruhusiwi kuruka swali eti kwa sababu jibu unalijua.

Waya ulikuwa umeshika na taa ilikuwa kijani. Nikaweka waya mwingine, mambo yakawa yale yale. Kwenye skrini kulikuwa na anwani inayoanza na 169.254. Hiyo ni anwani ambayo Windows hujipa yenyewe ikiomba anwani kwenye mtandao na isijibiwe na yeyote. Waya ungekuwa umechomoka, mashine ingesema wazi kwamba haioni waya. Kwa hivyo namba ile, ambayo pale ofisini hakuna aliyejua kuisoma, ilikuwa inamtetea mama.

Nikaingia kwenye rauta. Ilikuwa imewekwa igawe anwani 50, na zote zilikuwa zimechukuliwa: kompyuta, printa, simu za wafanyakazi, simu za wageni waliopewa paswadi ya Wi-Fi, na vifaa vitatu vya mwenye ofisi mwenyewe. Mhudumu wa mapokezi alikuwa likizo wiki nzima, kompyuta yake imezimwa. Muda wa anwani yake ukaisha, ikapewa mwingine. Aliporudi hakukuwa na nafasi. Mchawi hakuwepo. Watu walikuwa wamechukua mojamoja tu, mpaka zikaisha.

Kinachonishughulisha ni jinsi lawama ilivyokuwa imeshafika kwa mama kabla ya mtu yeyote kuangalia waya. Mpangilio wa fundi huanzia karibu kwenda mbali. Mpangilio wa ofisi uliteremka ngazi ya mishahara hadi chini kabisa. Mnyonge hana haki, wanasema wahenga, lakini mara nyingi kinachomnyima haki ni uvivu wetu wa kuhakikisha, hata bila chuki. Ningesema "ni waya, bosi", ningelipwa vilevile, na hakuna ambaye angenipinga. Ukijua jambo ambalo wenzako hawawezi kulikagua, jina la mtu mwingine liko mikononi mwako.

Mwanafalsafa wa Marekani Harry Frankfurt, katika insha yake ya 1986, alimtenganisha mwongo na mpiga porojo. Mwongo anaujua ukweli, au anadhani anaujua, na anataka kuuficha. Mpiga porojo hajali kama anachosema ni kweli au si kweli. Anataka tu mambo yaende. Mwenye ofisi hakuwa anadanganya. Aliamini alichosema. Ila hakuwa na haja ya kujua, na hapo ndipo ninapoona kosa.

Sasa, kuna atakayesema namwonea mfanyakazi wa kaunta. Ana haki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa, wiki chache tu baada ya serikali kutangaza kwamba maelfu ya huduma zimehamia huko. Dada aliye kaunta angefanya nini? Hana paswadi ya rauta, sembuse meli ya kuunga nyaya. Isitoshe, "imekataa" inamlinda. Inamwambia mteja mwenye hasira: si mimi, tafadhali usinitukane. Kuna utu ndani ya neno hilo, sikatai.

Lakini neno hilo hilo linalomlinda yeye linamwacha mteja gizani. Mzee aliyepanda matatu kutoka Bissil alfajiri hadi Kajiado mjini, akiambiwa sistimu imekataa, hajui kama angoje saa moja, arudi kesho, au aende kwingine. Nauli imeliwa, siku imeenda, na hakuna wa kuuliza, maana aliyekataa ni mashine.

Sidhani tunadaiwa kurekebisha kila kitu. Tunadaiwa kutenganisha tulichokiona na tulichokidhani, na kumpa anayengoja kile tulichokiona. "Mzee, hapa kwetu tumeangalia, kuko sawa. Shida iko huko nje, na bado hatujaambiwa itaisha lini. Acha namba nikupigie, usishinde hapa bure." Hiyo haihitaji paswadi ya mtu. Inahitaji tu uwe umeangalia kweli kabla ya kusema umeangalia.

Yule mama wa usafi hakukatwa mshahara. Nilimwonyesha mwenye ofisi orodha ya vifaa 50, vyake vitatu vikiwemo, kisha nikaongeza idadi ya anwani. Ilichukua dakika chache. Kumtaka radhi mama, hilo sikulisikia likifanyika, na rauta haina pa kulirekebisha.