Kuhesabu Siku za Hija

Wahenga walisema kwamba msafiri maskini ajapokuwa sultani. Mtu aliye njiani, hata awe na mali kiasi gani nyumbani kwake, hana mlango wa kuufunga usiku wala kisima cha kukiita chake. Huishi kwa wema wa watu asiowajua. Neno hili ni kweli kwa kila msafiri, lakini ni kweli zaidi kwa yule aiachaye nyumba yake kwa ajili ya ibada akaenda kwa miguu siku nyingi, kwa kuwa yeye umaskini huo ameutafuta mwenyewe. Hapo ndipo huzuka swali ambalo si jepesi kama linavyoonekana: mtu wa namna hii aipange safari yake kwa kiasi gani?

Mfano ulio karibu ni njia ya Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga II, Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto mahali hapo, kaskazini mashariki ya Kampala. Walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana, na moto haukuuliza madhehebu. Wakatoliki 22 waliouawa katika mateso ya miaka ile walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Kila mwaka siku hiyo inapokaribia, mahujaji hutoka pande zote za Uganda, na wengine Kenya, Tanzania na Rwanda, na wengi wao huja kwa miguu. Waingiao kwa mpaka wa Busia huishika barabara kuu ipitayo Bugiri, Iganga na Jinja. Huuvuka mto Nile, huupenya msitu wa Mabira, hupita Lugazi na Mukono, ndipo wafikapo.

Juu ya matayarisho ya safari kama hiyo watu wamegawanyika. Wako wasemao kwamba kupanga kila kitu ni upungufu wa imani. Kwao, hujaji aliyekwisha kujua atalala wapi na atakula nini hana tofauti na mtalii, na aliyemwachia Mungu safari yake hana haja ya kuhesabu. Wako wengine wasemao kwamba Mungu humsaidia ajisaidiaye, na kwamba kuingia barabarani bila maji wala dawa ni kumjaribu Muumba. Wanavyuoni wa Kiislamu walikwisha kulitazama jambo hili katika hija ya Maka, wakasema kwamba faradhi ile humlazimu mwenye uwezo tu, yaani aliye na masurufu ya njia na ya wale anaowaacha nyuma.

Kila upande una haki yake. Lakini pande zote mbili huzungumza kana kwamba katika safari mna watu wawili tu, hujaji na Mola wake. Wamemsahau wa tatu, naye ni mwenzi wa njiani. Wamemsahau na wa nne, naye ni mwenyeji. Mpango wa safari huwagusa hawa kabla haujamgusa yule aliyeufanya.

Na itazamwe hesabu yenyewe. Kutoka Busia hadi Namugongo ni mwendo wa karibu kilomita 190. Mtu mwenye afya na mazoea aweza kwenda kilomita 30 kwa siku akafika siku ya 7. Lakini msafara si mtu mmoja. Ndani yake mna mzee wa miaka 70, mna mama aliyeweka nadhiri kwa ajili ya mwanawe, mna kijana ambaye viatu vyake vilinunuliwa juzi. Mwendo ukikadiriwa kuwa kilomita 25, safari ni ya siku 8. Kikundi kikitoka asubuhi ya tarehe 26 Mei, kitafika jioni ya tarehe 2 Juni, mkesha wa sikukuu. Katika karatasi hesabu hii haina kasoro. Kasoro yake huonekana barabarani. Mei ni mwezi wa mvua katika nchi zile. Malori yatokayo pwani hayampishi mwenda kwa miguu. Malengelenge huota siku ya pili, na homa haibishi hodi. Siku ya 5, karibu na Jinja, mguu wa mzee umevimba. Sasa kikundi kizima kimo katika njia panda: kimngoje na kuikosa sikukuu, au kimwache na kuiwahi.

Watakaomwacha hawatakuwa watu wabaya. Watamwekea mto chini ya kichwa, watamwachia fedha kidogo, watamwombea, kisha watakwenda zao kwa huzuni ya kweli. Lakini huzuni haibadili tendo. Aliyewafikisha hapo ni yule aliyetoa siku 8 kwa safari ya siku 8. Kama angaliwatoa tarehe 24, wangalikuwa na siku 2 za kumkalia mgonjwa bila kumlaumu. Siku hizo 2 ni sadaka iliyotolewa kabla mhitaji hajajulikana. Watu hupenda kuisifu huruma kama kitu kinachochipuka chenyewe moyoni wakati wa shida, na pengine huchipuka. Lakini mara nyingi hukosa nafasi ya kusimama, kwa sababu aliyepanga hakuiwekea nafasi.

Itajibiwa kwamba siku ni mali. Kibarua hapewi siku 10 na tajiri wake, na kila siku ya njiani hutaka chakula. Jibu hili ni zito wala halifai kudharauliwa. Lakini lifaalo kupunguzwa ni urefu wa njia. Aliye na siku 5 tu aanze Jinja badala ya Busia. Hija haikupimwa kwa kilomita, na hakuna shahidi aliyewekwa katika orodha ya watakatifu kwa sababu ya mwendo mrefu.

Vivyo hivyo kwa mwenyeji. Methali humpa mgeni siku mbili, na ya tatu humpa jembe. Lakini methali hiyo ilimtazama mgeni mmoja. Watu 60 huweza kuumaliza ukarimu wa kijiji kwa usiku mmoja. Kiongozi aliyewaingiza katika ua wa parokia bila kutuma habari hakumtegemea Mungu. Amemtegemea mpishi wa parokia. Kwa upande mwingine, kikundi kinachofuatwa na gari lenye chakula chote, maji yote na magodoro yote hakina cha kumwomba mtu yeyote, nacho hupita katika nchi ya watu kama sultani aliyekataa kuwa msafiri. Mpango mwema humwondolea mwenyeji mzigo usiobebeka, ukambakizia ule awezao kuubeba kwa furaha: kivuli, maji ya kunywa, na maelekezo ya njia.

Mashahidi wenyewe hawakupanga safari yao. Walifungwa minyororo Munyonyo, wakaongozwa kwa miguu hadi Namugongo, na huko wauaji walitumia siku kadhaa kukusanya kuni. Matayarisho peke yake, basi, si wema. Hata ukatili hutayarishwa kwa uangalifu. Mmoja wa wafungwa wale alikuwa Gonzaga Gonza, mtu wa Busoga, nchi ambayo mahujaji wa Busia huikata kabla ya kuufikia mto Nile. Husimuliwa kwamba miguu yake iliumizwa na minyororo hata akashindwa kuendelea, na tarehe 27 Mei 1886 akachomwa mkuki njiani, kwa kuwa waliomwongoza hawakuwa na nafasi ya kumngoja.

Kikundi kinachokwenda kumheshimu mtu huyo chafaa kukumbuka jinsi alivyokufa. Kabla ya kununua viatu na kukata fimbo, wale walioketi kuhesabu siku na waulizane: ni nani kati yetu atakayechelewa, na tumemwekea siku ngapi?