Kitu ni Kile Kilichokuwa, au Kile Kilicho Sasa?



Muhula uliopita mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza aliugua homa ya matumbo. Hospitali walimpa dawa za kapsuli. Usiku akanijia chumbani na boksi mkononi: "Sheikh, hapa pameandikwa jelatini. Naweza kumeza?" Mimi si sheikh, ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu tu, lakini jina lile nililipenda. Nikamjibu papo hapo: "Jelatini ni nguruwe. Haramu." Akaacha dawa. Siku ya tano tulimrudisha hospitali tukiwa tumembeba.

Alhamdulillahi alipona. Mimi nikabaki na swali: nilijua nini kuhusu kitu kile hata nikakitolea hukumu?

Nilianza kwa mwenzangu wa bweni anayesoma kemia. Aliniambia wao huainisha maada kwa sifa za aina mbili. Sifa za kifizikia unaziona bila kukigeuza kitu kuwa kingine: rangi, harufu, ugumu, joto la kuchemka. Barafu ikiyeyuka bado ni maji. Sifa za kikemia hujulikana pale kitu kinapogeuka kuwa kingine. Mvinyo ukiachwa wazi, bakteria na hewa huigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 za sentigredi, asidi ile kwenye nyuzi 118. Rangi inaweza kubaki ile ile, lakini kitu si kile tena.

Nilijicheka, kwani mambo hayo nilishayasoma katika fiqhi. Maji mengi yaliyoingiwa na najisi tunayapima kwa rangi, ladha na harufu. Na kugeuka kwa dhati ya kitu tunakuita istihala. Wanazuoni wamekubaliana kwamba mvinyo ukigeuka siki wenyewe ni twahara. Baada ya hapo wanatofautiana. Mahanafi wamepanua mlango: najisi ikiungua ikawa majivu, hukumu yake imeondoka. Sisi Mashafii, tulio wengi Afrika Mashariki, tumeubana: siki iliyojigeuza, ngozi iliyodibaghiwa isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na machache mengine. Majivu ya najisi kwetu ni najisi.

Jelatini je? Ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe huloweshwa katika asidi au alkali, kisha huchemshwa mpaka protini iitwayo kolajeni ivunjike. Je, hicho ni kitu kipya, au ni kile kile kilichokatwakatwa? Wakubwa wetu wenyewe hawakujibu jibu moja. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilikataza jelatini ya nguruwe katika vyakula. Kongamano la Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, Kuwait mwaka 1995, likaona imeshageuka na inaruhusiwa.

Kwa peremende na keki mimi naegemea kauli ya Amman, maana vipande vya kolajeni bado ni vya kolajeni. Lakini kosa langu halikuwa katika kuchagua kauli. Boksi halikutaja mnyama, na sikuuliza. Sikuuliza kama dawa ile ipo ya maji au ya vidonge. Sikufikiria kuwa mbele yangu palikuwa na mgonjwa, na mgonjwa ana hukumu zake. Mwanakemia habandiki jina kwenye chupa kabla ya kupima. Mimi nilibandika.

Atasema mtu: kukataza ndiyo ihtiyati. Hapana. Kuharamisha nako ni hukumu inayotaka dalili, na Suratun-Nahl inawaonya wanaotamka halali na haramu kwa ndimi zao tu. Ihtiyati naifanya kwa tumbo langu. Nikiifanya kwa homa ya mwenzangu, gharama analipa yeye.

Mdogo wetu yule bado ananiita sheikh. Siku hizi akiniuliza jambo namwambia, "Ngoja twende tukaulize." Tunakwenda pamoja, mara kwa ustadhi, mara kwa mfamasia, mara kwa wote wawili.

Wallahu a'lam.