Nje Ipi?

Kila mzazi wa Nairobi ana huu wimbo: "Weka hiyo simu chini, uende ucheze nje." Sawa. Lakini nje ipi, jamani?

Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Wakaandamana, wakausukuma ukaanguka. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wa sare, wanaodai mahali pa kucheza! Leo wengi wao ni vijana kama sisi, na bila shaka wanaambiwa wamezidisha simu.

Sisemi simu ni malaika. Mwanasaikolojia Jonathan Haidt wa Marekani aliandika mwaka 2024, kwenye kitabu chake The Anxious Generation, kwamba utoto wa simu unawaletea vijana wasiwasi na huzuni. Mwenzake Candice Odgers anampinga, anasema ushahidi haujafika hapo. Wacha wabishane. Kuna jambo ambalo Haidt mwenyewe anasema na sisi tunaliruka: shida si simu tu, ni pia mchezo wa nje uliopotea. Kwao, wazazi waliingiwa na hofu wakawafungia watoto ndani. Huku kwetu, mara nyingi uwanja wenyewe umenyakuliwa.

Sasa fikiria mtoto wa ploti, yuko peke yake kwa chumba kimoja tangu saa kumi hadi mathe atoke kibarua saa mbili usiku. Tunamwambia hana nidhamu. Lakini anashindana na programu ambazo watu wazima wamezitengeneza makusudi zisiwe na mwisho: video ikiisha, nyingine hiyo. Hata huyo mtu mzima mwenyewe saa nane usiku bado anasukuma kidole.

Kwa hivyo naona hivi: kumnyang'anya mtoto simu ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Ukiichukua bila kumpa kitu, umemwachia kuta nne na mawazo yake. Ana haki ya kuuliza, "Badala yake nipate nini?" Na tusimjibu kwa mahubiri. Tumpe mtu wa kuongea naye, usingizi wa kutosha, na uwanja ambao hakuna atakayemfukuza. Kama hatuna hata kimoja cha kumpa, basi tuache kumlaumu yeye kwanza.