Nani Alituangusha?

Alfajiri ya Leba Dei, 2023, niliamka nikapata sauti saba za WhatsApp kutoka kwa binamu yangu anayeishi Lowell, karibu na Boston, mji ambao umejaa Wakenya. Ya kwanza ilikuwa ya dakika nne. Moyo ukanidunda. Kwetu, mtu wa ng'ambo akituma sauti saba usiku, mara nyingi ni msiba. Kumbe ni hoki, bana.

Tena si hoki ya City Park. Hii ni ya barafu, ile ambayo vijana wa Kenya Ice Lions wamejifunzia ndani ya hoteli moja ya Barabara ya Mombasa. Binamu yangu hutunza wazee zamu ya usiku, na miaka yake kule imemfanya shabiki wa Boston Bruins ile mbaya. Asubuhi hiyo alikuwa na swali moja, na aliliuliza kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, na kwa maneno ambayo mama yake hajui kama anayajua: nani alituangusha?

Nikupe picha. Msimu wa 2022–23, Bruins walishinda mechi 65 kati ya 82 na kukusanya pointi 135. Hakuna timu katika historia ya NHL iliyokuwa imewahi kufika hapo. Rekodi ya pointi waliyoivunja, 132, ilikuwa ya Montreal tangu 1977. Kisha ukaja mchujo, ambapo timu mbili hukutana mpaka moja ishinde mechi nne. Raundi ya kwanza wakapangiwa Florida Panthers, timu iliyoingia kwa kuponea chupuchupu na pointi zake 92. Boston wakaongoza mechi tatu kwa moja. Walibakisha kushinda moja tu. Wakapoteza ya tano, wakapoteza ya sita. Ya saba ilichezwa nyumbani kwao tarehe 30 Aprili. Walianza kwa kufungwa mbili bila, wakarudi, wakaongoza 3–2, na zikiwa zimebaki kama sekunde 59 hivi, Brandon Montour akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Carter Verhaeghe akafunga. Msimu bora kuliko yote ukazikwa raundi ya kwanza.

Binamu yangu alikuwa na orodha ya washtakiwa. Wa kwanza ni kipa Linus Ullmark. Mechi ya tano, muda wa nyongeza, alitaka kukiondosha kile kisahani mwenyewe, mambo yakaharibika, na Matthew Tkachuk akamaliza kazi. Wa pili ni kocha Jim Montgomery. Msimu mzima Ullmark na mwenzake Jeremy Swayman walikuwa wakipokezana goli. Mchujo ulipofika, kocha akamng'ang'ania Ullmark mechi sita, halafu akamtupa Swayman kwenye ya saba wakati hajaanza hata mechi moja. Wa tatu ni nahodha, Patrice Bergeron, aliyeumia katika mechi ya mwisho ya msimu, mechi ambayo haikubadilisha lolote kwenye jedwali. Mbona acheze? Wa nne ni Brad Marchand. Sekunde za mwisho za mechi ya tano, ikiwa bado sare, alibaki yeye na kipa Sergei Bobrovsky peke yao. Bobrovsky akamzuia.

Kufikia sauti ya saba, aliyekuwa hajashtakiwa ni muuza bisi pekee.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu namna ile ya kutafuta mtu naijua. Nitaifikia. Kwanza tuyaangalie haya mashtaka.

Mwezi wa sita mwaka huohuo, Ullmark alipewa tuzo ya kipa bora wa ligi. Montgomery akapewa ya kocha bora. Kura za tuzo hizo hupigwa kabla ya mchujo kuanza. Kwa hivyo watu walewale waliokuwa bora kuliko wote katikati ya mwezi wa nne, wiki mbili baadaye walikuwa washtakiwa. Walibadilika wao, au ni matokeo yaliyobadilika?

Chukua ule uamuzi wa kumshikilia Ullmark. Tuseme Marchand angefunga ile nafasi ya mechi ya tano. Mchezo unaisha, Boston wanasonga mbele, na Ullmark hapati hata nafasi ya kukosea kwenye nyongeza. Uamuzi wa kocha ungekuwa uleule, na kichwa kilichouamua kilekile. Lakini sisi tungeuita msimamo. Sasa tunauita ukaidi. Tunachohukumu hapo ni mguu wa Bobrovsky, ila hukumu tunamsomea Montgomery.

Wanafalsafa wameliona hili. Mwaka 1976, Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya kitu walichokiita bahati katika maadili. Fikiria madereva wawili ambao hawakukagua breki. Mmoja anafika nyumbani salama. Mwingine, mtoto anakatiza barabara mbele yake. Uzembe ni mmoja, lakini mmoja tutamwita muuaji na mwingine hatutajua hata jina lake. Williams naye alileta mfano mgumu zaidi: dereva wa lori ambaye hakuzembea hata kidogo, na bado akamgonga mtoto. Hana kosa. Lakini ukimkuta anatafuna sandwichi akisema "si mimi, breki zilikuwa sawa," utamwogopa. Tunategemea aumie kwa namna ambayo abiria wake haumii.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kina maneno matatu ambayo sisi tukiwa na hasira huyafanya moja. Kuna sababu, kuna kosa, na kuna lawama. Kisu ni sababu ya kidonda, ila hakuna anayekilaumu kisu. Ullmark alikuwa sehemu ya sababu, hilo halina mjadala. Alikosea pia: kisahani kilimtoka. Lakini kukosa jambo gumu ulilolijaribu kwa nia njema, mbele ya umati, ukiwa umechoka, hakujafika kwenye lawama. Lawama inadai kitu zaidi. Inadai kwamba ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba ulikuwa na njia nyingine, na kwamba hukujali.

Na hata sababu yenyewe si ya mtu mmoja. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukiondoa kinga kimoja moto haupo, lakini huwezi kukiinua kimoja ukasema hiki ndicho moto. Ondoa kosa la Ullmark, Boston wanashinda. Mpe Marchand goli, wanashinda. Zuia mkwaju wa Montour, wanashinda. Kila mmoja "angeweza kutuokoa", na ndiyo maana hakuna anayeweza kubebeshwa peke yake.

Ngoja kwanza. Najua msomaji mmoja wa Nairobi tayari ameguna. Ukisema hivyo, si umewapa wakubwa kichaka cha kujificha? Hapa kwetu jengo likianguka tunaambiwa ni ajali. Barabara ikibebwa na maji, ni mvua kubwa. Pesa zikipotea, ni "changamoto". Bahati mbaya ni rafiki mkubwa wa mtu mwenye sahihi kwenye hundi. Nakubali kabisa. Lakini ona vile maswali yaleyale matatu yanavyojibu. Anayepunguza vyuma kwenye nguzo anajua. Ana njia nyingine. Na hajali, kwa sababu hatalala humo yeye. Huyo analaumika hata kama jengo halijaanguka, na ndivyo tungepaswa kumfuata, kabla ya vifusi. Shida yetu ni kwamba tunangoja matokeo. Fundi mwizi ambaye nguzo zake bado zimesimama tunamwita mjanja, halafu kipa aliyejaribu akashindwa tunamwita msaliti. Tunalaumu sana, ila mahali pasipo.

Sasa, binamu yangu angesema: sawa, lakini timu lazima ifanye kitu. Ni kweli. Hapa kuna hadithi mbili. Mwaka 2019, Tampa Bay Lightning walishinda mechi 62 msimu wa kawaida, kisha wakapigwa nne bila na Columbus raundi ya kwanza. Watu walitaka kichwa cha kocha Jon Cooper. Hawakupewa. Mwaka uliofuata akachukua Kombe la Stanley, na 2021 akalichukua tena. Ukiishia hapo utasema, tuvumilie. Lakini wale Florida waliowatoa Boston, mwaka mmoja kabla, 2022, ndio waliokuwa na pointi nyingi kuliko wote, na wakafagiliwa nne bila na Tampa raundi ya pili. Wao walibadilisha kocha, wakamwacha nyota wao Jonathan Huberdeau aende Calgary, wakamleta Tkachuk. Tkachuk huyohuyo aliyemaliza mechi ya tano. Florida walichukua kombe 2024 na 2025.

Mmoja alivumilia akashinda, mwingine alibadilisha akashinda. Kwa hivyo swali la "tufanye nini kesho" halijibiwi na swali la "nani alaumiwe jana". Unaweza kumbadilisha mtu bila kumhukumu. Unaweza pia kumsamehe na bado usimpe goli. Tunayachanganya haya mawili kwa sababu kumfukuza mtu kunafanana na haki, na kunaturuhusu kulala.

Sasa niseme kwa nini niliacha kucheka.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kilifanyika kikao sebuleni kwetu. Hakikuitwa kikao, kiliitwa chai. Shangazi alilaumu marafiki zangu. Mjomba alimlaumu mamangu kwa kunidekeza. Mamangu alilaumu Nairobi, mji mzima. Mimi nilikaa kimya, na ndani ya kimya hicho nilikuwa namlaumu babangu, ambaye biashara yake ilikuwa imeyumba, na muhula ule alituma nusu ya karo. Nusu. Nilikuwa nimeshika neno hilo kama ngao. Kile ambacho hakuna aliyejua ni kwamba nilikuwa nimefeli masomo mawili nikanyamaza, na sehemu ya ile nusu niliiweka kwenye kubeti, ati niifanye iwe karo nzima.

Pitisha hayo kwenye maswali yangu matatu. Biashara ya babangu ilikuwa sababu. Haikuwa kosa. Ule ukimya wangu ulikuwa kosa. Na zile pesa, hapo nilijua, nilikuwa na njia nyingine, na usiku ule sikujali. Hiyo ni lawama na ni yangu. Ningeshinda ile beti ningekuwa naisimulia leo kama hadithi ya ujasiri, na bado ingekuwa yangu.

Sikusema chochote siku hiyo mpaka babangu alipozungumza. Hakumnyooshea mtu kidole. Alisema, "Mimi nilijua ile pesa haitoshi, na sikumpigia kumwambia kwa sababu niliona aibu. Hiyo ni sehemu yangu." Basi. Akaendelea na chai yake. Ilinichukua wiki mbili, lakini nilienda nikamwambia yangu yote. Sidhani ningeweza kama angekuwa ameanza na mimi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na sebule nzima ilikuwa imenibebesha usufi wao. Yeye peke yake ndiye aliyepima wake kwanza.

Namlipa elfu mbili kila mwezi. Hajawahi kuniomba. Miezi mingine ni elfu moja, na hajawahi kuuliza.

Montgomery hatimaye alifutwa kazi Novemba 2024, mwaka na nusu baada ya ile mechi, timu ikiwa imeanza msimu vibaya. Ullmark alikuwa ameshapelekwa Ottawa. Bergeron alistaafu kiangazi kilekile cha 2023. Na Marchand, yule aliyekosa ile nafasi, Machi 2025 aliuzwa kwa Florida haohao, na mwezi wa sita akainua kombe akiwa na jezi yao.

Binamu yangu alinitumia sauti moja tu siku hiyo. Sekunde kumi na moja. Alikuwa ametoka tu zamu, nasikia milango ya basi ikifunguka. Hakumtukana mtu. Alisema, "Unajua ile mechi ya tano nilimwambia mambo mabaya sana yule jamaa?" Kisha akacheka kidogo, na sauti ikakatika.