Je, Dhamiri Yaweza Kufundishwa Vibaya?



Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba riwaya ni hadithi za kubuni tu, wala hazimfai mtu mzima mwenye kazi zake. Lakini yawezekana hadithi ya kubuni ikaliambia taifa ukweli ambao taifa lenyewe halitaki kuusikia. Tutazame Marekani.

Mwaka 1776 Wamarekani walitangaza uhuru wao, wakisema kuwa watu wote wameumbwa sawa. Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa tangazo hilo, alimiliki mamia ya watumwa katika maisha yake. Utumwa haukufutwa nchini kote mpaka mwaka 1865. Kwa karibu miaka 90, basi, neno jema na tendo ovu vilikaa nyumba moja, na wengi walilala usingizi bila wasiwasi.

Mwaka 1850 ikapitishwa sheria kali ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, na kuwaadhibu waliowasaidia. Harriet Beecher Stowe, binti wa mchungaji, akaijibu kwa riwaya yake Uncle Tom's Cabin, iliyotoka kitabu mwaka 1852. Ndani yake yumo seneta aliyeunga mkono sheria ya namna hiyo. Usiku mmoja mama mtoro anafika nyumbani kwake, amembeba mtoto, baridi imemwumiza. Seneta yule anafanya nini? Anamtoa usiku uleule kwa gari lake mwenyewe na kumpeleka mahali pa salama. Barazani alikuwa amelijua neno "mtoro". Sasa ameuona uso.

Mark Twain alikwenda mbali zaidi. Alikulia Missouri, penye utumwa, na baadaye alieleza kwamba utotoni hakusikia mtu akiukemea, hata mimbarani. Katika Adventures of Huckleberry Finn, iliyotoka Marekani mwaka 1885, kijana Huck anasafiri kwa chelezo katika mto Mississippi pamoja na Jim, mtumwa aliyetoroka. Huck amefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi, na ni dhambi. Basi anaandika barua ya kumfichua Jim, na mara anajiona ametakata moyo. Kisha anakumbuka jinsi Jim alivyokuwa akikesha zamu zote mbili, yake na ya Huck, ili kijana apate kulala. Anaichana barua, huku akiamini kabisa kwamba kwa tendo hilo anajichagulia jehanamu.

Hapo ndipo penye fundisho gumu. Sisi tumezoea kusema, "Fuata dhamiri yako." Lakini dhamiri ya Huck ndiyo iliyomwagiza kutenda uovu! Ilikuwa imelelewa na jirani zake, na jirani zake waliyaita mabaya mema. Kilichomwokoa ni ukumbusho wa wema aliotendewa na mtu ambaye wengine walimhesabu kuwa mali.

Hata hivyo, kitabu hicho nacho kina upungufu wake. Msimulizi ni kijana mweupe, na Jim twamwona kwa macho ya Huck tu. Wasomaji wengi weusi wamelalamikia matusi yaliyomo, na jinsi Jim anavyofanywa kichekesho mara kwa mara. Mwaka 2024 Percival Everett, mwandishi mweusi wa Marekani, alitoa riwaya iitwayo James, ambamo Jim mwenyewe ndiye anayesimulia. Mwaka 2025 ilipewa tuzo ya Pulitzer. Hivyo riwaya moja huisahihisha nyingine, na taifa hujifunza polepole kuwasikiliza watu wake wote.

Wengine watasema kwamba kufichua aibu ya nchi ni kukosa uzalendo. Sisi hatuoni hivyo. Mganga afunuaye kidonda hamchukii mgonjwa. Waandishi hao walilichukua tangazo la mwaka 1776 kwa uzito kuliko wengi waliolisifu.

Na sisi je? Yafaa tujiulize ni mambo gani tunayoyaona kuwa haki kwa sababu tu kila mtu jirani yetu huyaona hivyo. Labda yuko mtu ambaye tumezoea kumtaja kwa jina la kundi lake, wala hatujawahi kumtazama usoni. Tumwombe Mungu aifundishe dhamiri yetu upya, na mtu huyo akibisha hodi, tusikawie kufungua mlango.