Je, Maumivu Ni Kipimo cha Bidii?

Wako watu wadhanio kwamba aumiaye zaidi kazini ndiye mwenye bidii zaidi. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata gitaa likatufundisha.

Ajifunzaye gitaa hufika siku moja kwenye mapatano ya sauti yaitwayo F meja. Hapo kidole cha shahada hulazwa kama boriti juu ya nyuzi zote sita, nyuma kidogo ya chuma cha kwanza cha shingoni, na vidole vingine vitatu hushika mahali pake. Tulipojaribu, nyuzi mbili zililia, nne zikawa bubu. Tukakaza. Mkono ukavimba, na sauti haikuja. Kijana mmoja aliyejifunza pamoja nasi alikuwa akipiga kidogo, kisha akipumzika na kuutazama mkono wake. Tukamwita mvivu mbele ya wenzake.

Baada ya majuma machache nyuzi zake zote zikalia. Zetu zilikuwa zingali bubu. Tukamwuliza. Akatuonyesha ya kuwa kidole cha shahada hakibebi nyuzi zote. Tukihesabu tangu uzi ulio mwembamba, wa tatu hushikwa na kidole cha kati, wa nne na kidole cha mwisho, wa tano na kidole cha pete. Kilichobakia kwa kidole cha shahada ni uzi wa kwanza, wa pili na wa sita tu. Yafaa kilale kwa ubavu kidogo na kukikaribia chuma, na kidole gumba kikae nyuma ya shingo. Kisha mtu agonge uzi mmoja mmoja, asikie ni upi usiolia. Kumbe sisi tulikaza hata penye nyuzi ambazo vidole vingine vilikwisha kuzishika!

Basi, bidii si wingi wa maumivu. Mtu aweza kujiumiza ili asijichunguze. Maumivu yampa sifa, wala hayampi sauti. Bidii ni kulitafuta kosa lilipo na kulitengeneza. Kijana yule naye aliumia, vidole vyake vikafanya sugu, lakini hakuyahesabu maumivu kuwa ndiyo kazi. Naye alipata zaidi ya alichotafuta, maana mkao ule ule ukisogezwa hata chuma cha tatu huwa G meja, na hata cha tano huwa A meja.

Tulimwomba radhi mbele ya wale wale waliotusikia tukimlaumu. Ndugu msomaji, kabla hujamwita mwenzio mvivu, sikiliza kwanza kama nyuzi zake zalia.